Pampu ya Petroli Ikigoma Shambani: Anza Wapi, Ishia Wapi

Mwongozo huu ni wa pampu ya maji ya inchi 2 au 3 yenye injini ndogo ya petroli ya stroki nne, ile ya ukoo wa Honda GX160 pamoja na nakala zake za Kichina zinazoandikwa 168F ubavuni. Ndiyo injini inayonyweshea vitunguu Ruaha Mbuyuni na Mang'ola, na bustani za nyanya kandokando ya mito Kenya na Tanzania. Nakala zimemfuata mama yao kwa karibu mno, hata vipuri vingi vinaingiliana. Vipimo vya hapa ni vya GX160. Kama kitabu cha injini yako kinasema vingine, fuata kitabu.

Pampu ikigoma, watu wengi hukimbilia kabureta, kwa sababu iko nje na inafunguka kirahisi. Matokeo yake gasketi zinachanika, springi ya gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) inarudishwa kwenye tundu lisilo lake, na tatizo la mwanzo bado liko palepale. Kabureta ni kituo cha tano. Kabla yake kuna vinne ambavyo havichukui hata nusu saa.

Andaa spana namba 8, 10 na 12, soketi ya plagi namba 21, bisibisi bapa mbili (moja nyembamba), fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia pengo), chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, na petroli safi kiasi cha kikombe. Injini iwe imepoa. Eksozi ya injini hii inaunguza ngozi papo hapo, na petroli ikimwagikia chuma cha moto hutapata nafasi ya kujuta.

1. Oili kwanza, hata kama una hakika ipo

Weka pampu mahali tambarare kabisa. Fungua kifuniko cha oili chenye kijiti, kifute, kichomeke bila kukizungusha, kisha kichomoe usome. Oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa tundu la kujazia, karibu kufurika. Injini nzima inakula takriban lita 0.6 tu, kwa hiyo ikipungua robo lita tayari ni balaa.

Kwa nini oili ianze kabla ya mafuta? Kwa sababu injini nyingi za aina hii zina kihisio cha oili chini ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Oili ikipungua, kihisio kinakata cheche ili injini isijiue. Ukivuta kamba haitoi hata mlio wa kutaka kuwaka. Hapo ndipo koili (inayotengeneza umeme wa cheche) nzima kabisa hutupwa na mpya kununuliwa, na injini bado haiwaki. Pampu ikiwekwa kwenye mteremko wa ukingo wa mto mambo ni hayohayo: oili ipo, lakini imekimbilia upande mmoja na kihisio kinaona pakavu.

Kama oili imejaa na cheche bado haipo, tafuta waya unaotoka kwenye bloku ya injini chini, mara nyingi ni wa njano, uuchomoe kwenye kiungo chake, kisha vuta tena. Cheche ikirudi, kihisio kimekufa au waya umechunika na kugusa chuma. Unaweza kumaliza kazi ya siku ukiwa umeuchomoa, lakini kuanzia hapo mlinzi wa injini ni wewe: angalia oili kila unapojaza tangi.

Tumia SAE 10W-30. Kwenye joto la pwani au bondeni SAE 30 inafaa. Na kwa vile swali hili haliishi: usichanganye oili kwenye petroli. Kuchanganya ni kwa injini za stroki mbili, kama msumeno wa mnyororo. Hii ina oili yake tumboni.

2. Petroli: ipo, inashuka, ni safi?

Chini ya bakuli la kabureta kuna bolti ya kumwagia, spana namba 10. Usiichanganye na bolti ya katikati inayoshikilia bakuli lenyewe. Ya kumwagia imekaa pembeni kwa kuinama. Kinga chupa, fungua koki ya mafuta, legeza bolti, acha itiririke kwa sekunde kumi, kisha tazama.

Ukiona matone yanayotembea chini ya chupa kama shanga, hayo ni maji. Yanaingia kwenye dumu lililoachwa wazi au kwenye tangi lililolala nje nusu tupu na kutoa jasho la ndani usiku. Mwaga tangi lote, fungua kikombe cha kuchuja chini ya koki, kisafishe, jaza upya.

Petroli ikinuka kama vanishi, imezeeka. Zaidi ya mwezi mmoja kwenye tangi tayari inaanza kuacha gundi kwenye matundu ya kabureta. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni tatizo jingine, hasa ile ya chupa za barabarani. Udanganyifu huu ndio uliofanya Tanzania ianze kuweka vinasaba, yaani alama maalumu ya kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010. Jipime mwenyewe kwa kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inakauka upesi bila kuacha alama, yenye mafuta ya taa inaacha doa la grisi. Injini inayonyweshwa mchanganyiko huo huwaka kwa shida ikiwa baridi, hutoa moshi na hugonga ikibebeshwa mzigo.

Kama petroli inatiririka kidogo kisha inakata, legeza kifuniko cha tangi. Ikianza tena kushuka, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba, na ndicho kinachofanya pampu izime baada ya dakika kumi, ikae, iwake, izime tena. Zibua kwa mwiba au waya mwembamba. Ikiwa si kifuniko, chujio la ndani ya tangi au kikombe cha koki vimejaa uchafu.

3. Cheche, na plagi kama shahidi

Fungua plagi kabla hujavuta kamba mara nyingi, maana sura yake inasema mengi. Kahawia iliyopauka: injini ina afya. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria: petroli nyingi kuliko hewa, angalia chujio la hewa na choki iliyoachwa imefungwa. Imelowa petroli: injini imejaa. Imelowa oili: oili imezidishwa, au ringi na vali zimechoka. Nyeupe kama chaki: hewa nyingi kuliko petroli, injini inaungua, usiendelee kuifanyia kazi mpaka ujue kwa nini.

Plagi iliyolowa petroli haina haja ya fundi. Funga koki, fungua choki, peleka akseli mwisho, vuta kamba mara tano au sita plagi ikiwa nje na kofia yake ikiwa mbali na tundu, kausha plagi, rudisha, washa.

Plagi sahihi ni NGK BPR6ES. Nakala za Kichina huja na F7TC au F7RTC. Pengo kati ya ncha ni milimita 0.7 hadi 0.8. Kupima cheche, visha plagi kofia yake, igusishe chuma chake kwenye bolti ya injini mbali na tundu la plagi, washa swichi, mtu mwingine avute kamba. Cheche nzuri ni ya buluu na inaonekana hata mchana. Ya njano iliyolegea ni dhaifu. Jaribu kwanza plagi mpya, ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote.

Bado hakuna? Chomoa waya mweusi wa swichi ya kuzimia. Cheche ikirudi, swichi imeingia maji au udongo. Isiporudi, ondoa kava la kamba na kava la feni ufikie koili. Sumaku za flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya kamba) na miguu ya koili hushika kutu pampu inapolala mtoni. Zisugue kwa msasa laini. Pengo la koili na flaiwili liwe karibu milimita 0.4. Kadi ya biashara ikikunjwa haifai, ikiwa moja tu ina karibu unene huo: iweke katikati, acha sumaku ivute koili, kaza bolti, itoe kadi kwa kuzungusha flaiwili. Kama una fila geji, tumia fila geji.

Koili ina ugonjwa mmoja wa kuudhi: inatoa cheche vizuri ikiwa baridi, ikipata joto inakata, ikipoa inarudi. Ukiambiwa "inazima ikichemka", pima cheche dakika ileile inapozima, siyo kesho yake asubuhi.

Na kama cheche ipo lakini kamba inarudisha mkono kwa nguvu, au injini inabaruti kwenye kabureta, fikiria kabari ya flaiwili, kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia kwenye krenki. Kokoto ikiingia na kukwamisha impela (panga linalosukuma maji ndani ya pampu) ghafla, flaiwili inaweza kuteleza na kuikata kabari hiyo nusu. Cheche inakuwapo ila imepoteza wakati wake. Fungua nati ya flaiwili (19), angalia kama mfereji wa krenki na wa flaiwili umenyooka. Kabari ni ya chuma laini kwa makusudi. Usitengeneze nyingine kwa kipande cha msumari. Ukirudisha, kaza nati kwa nguvu ya 75 Nm.

4. Kompresheni: mara nyingi ni vali, siyo ringi

Vuta kamba polepole. Unapaswa kukutana na ukinzani, kisha kulegea, kisha ukinzani tena. Injini hizi zina kifaa cha kupunguza kompresheni wakati wa kuvuta ili mkono usiumie, kwa hiyo usitegemee ukinzani wa ajabu, na usishtushwe na namba ndogo kwenye geji ya kompresheni.

Kama kamba inakwenda kama haikushika kitu, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, vuta tena. Ukinzani ukiongezeka, ringi au silinda imelika. Usipobadilika, ni vali au gasketi ya hedi. Habari njema ni kwamba vali mara nyingi zinataka kurekebishwa tu. Zinapozama kwenye viti vyake kwa matumizi, nafasi kati ya vali na roka (mkono mdogo unaoisukuma) inapungua mpaka vali inabaki imefunguka kidogo. Dalili yake ni injini inayowaka asubuhi na kukataa ikiwa moto.

Fanya kazi hii injini ikiwa baridi kabisa:

Fungua kava la vali, bolti nne za namba 10, kwa upole ili gasketi isichanike. Ondoa plagi, ingiza bua la mtama au mrija wa plastiki kwenye tundu (usitumie chuma), zungusha flaiwili mpaka pistoni ifike juu na roka zote mbili ziwe na kilegezo. Kama roka moja imebana, uko kwenye mzunguko usiofaa. Zungusha duara moja zima. Vali ya upande wa kabureta ni ya kuingiza, ipime kwa fila ya 0.15. Ya upande wa eksozi ipime kwa 0.20. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo. Kama haipiti au inapita ovyo, shikilia nati ya chini, legeza nati ya kufungia, rekebisha, funga, kisha pima tena, kwa sababu kufunga kunaweza kubadilisha kipimo.

5. Sasa kabureta

Ukifika hapa ukiwa na petroli safi, cheche na kompresheni, kabureta ndiye mshtakiwa halali. Ishara zake mbili: injini inawaka kwa choki tu na kuzima ukiifungua, au inahema, yaani mlio unapanda na kushuka wenyewe bila kuguswa. Zote zinasema petroli haitoshi kwenye matundu.

Funga koki. Piga picha ya springi na fito za gavana kwa simu kabla hujagusa chochote. Hii ni hatua, siyo ushauri. Ondoa chujio la hewa, kisha toa kabureta huku ukikumbuka mpangilio: hedi, gasketi, kipande cheusi cha plastiki kinachozuia joto, gasketi, kabureta, gasketi, chujio. Gasketi moja ikikosekana, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma na injini itahema hata kabureta ing'ae. Silikoni haichukui nafasi ya gasketi hapa: petroli inailainisha na vipande vyake vinaingia ndani.

Fungua bakuli, chomoa pini ya floti, toa floti na sindano yake. Ncha ya sindano ikiwa na alama ya mviringo iliyochimbika, ibadilishe. Ndiyo inayofanya kabureta ivuje petroli usiku na kuishusha mpaka kwenye oili. (Oili ikinuka petroli na kuonekana imeongezeka yenyewe, usiwashe. Imwage.) Kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, fungua jeti kuu (kidude cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli) iliyo katikati ya nguzo. Juu yake kuna mrija mdogo wenye matundu ubavuni, utadondoka ukigonga taratibu. Pembeni juu kuna jeti ndogo ya plastiki, huitoi mpaka uondoe skrubu ya saileni (mwendo wa chini wa injini) iliyo karibu nayo. Hesabu mizunguko unapoiondoa.

Kila tundu lipitishwe uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme. Siyo sindano ya kushonea, siyo waya wa breki ya baiskeli: shaba ya jeti ni laini, na tundu likitanuka hata kidogo kabureta hiyo itakunywa petroli maisha yake yote. Osha kwa petroli safi, puliza kwa pampu ya baiskeli, itazame jeti dhidi ya jua. Mwanga uonekane kama nukta ya duara kamili.

Ukishafunga, usivute springi ya gavana ili "iongeze nguvu". Injini hii imewekewa kazi ya mizunguko karibu 3,600 kwa dakika. Ikizidishwa sana, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ndiyo inayotoka kwanza, na hutokea kwa kutoboa bloku.

Injini inaunguruma, maji hayaji

Hapo injini haina kosa. Zima, fungua kizibo cha juu ya pampu, jaza maji mpaka yafurike, funga vizuri. Pampu hii haiwezi kuvuta ikiwa kavu, na kuikimbiza kavu kwa dakika chache kunaunguza sili ya nyuma ya impela. Utaijua sili iliyoungua: maji yanadondoka katikati ya pampu na injini.

Kama imejaa na bado haivuti, inanyonya hewa. Mpira wa kuvutia uwe mgumu wenye waya au plastiki ya kuzunguka ndani, wa kipenyo kilekile cha mdomo wa pampu. Mpira laini unajibana wenyewe. Paka udongo wa mfinyanzi uliolowa kwenye kila kiungo cha upande wa kuvutia wakati injini ikifanya kazi. Maji yakianza kuja, umeshika mwizi. Chujio la mwisho wa mpira lizame sentimita 30 hivi chini ya maji bila kugusa matope. Kikapu au ndoo iliyotobolewa inasaidia sana.

Kisha pima kimo. Kwa nadharia, usawa wa bahari, hakuna pampu ya juu inayoweza kuvuta maji zaidi ya mita 10.3, na kwa kweli hizi zinaishia 7 au 8. Kila mita 1,000 za mwinuko zinakata kama mita moja tena, kwa hiyo Mbeya au Iringa panga mita 5 au 6 tu. Isogeze pampu karibu na maji. Kusukuma inaweza, kuvuta ndiko kunakoishinda.

Lakini usiishushe kisimani au kwenye shimo. Eksozi inatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inajaa shimoni haraka. Anayeshuka kuzima injini anaanguka, anayeshuka kumwokoa anamfuata. Kisima kirefu kinataka pampu ya kuzamisha au ya mkono.

Kama maji yanakuja lakini yamepungua mwezi hadi mwezi, fungua kasha la mbele. Impela iliyolika kwa mchanga inaacha nafasi kubwa na kasha lake. Kwenye pampu nyingi imefungwa kwa nyuzi kwenye krenki: ukiitazama kwa mbele, inafunguka kinyume cha saa, kwa kuigonga ubawa na kipande cha ubao. Ukiweka mpya badilisha na sili, na usiguse uso wake kwa vidole vyenye mchanga.

Hesabu ya saa

Oili ya kwanza ya injini mpya imwagwe baada ya saa 20, kisha kila saa 100. Wengi hubadilisha mara moja kwa msimu. Pampu inayofanya kazi saa 6 kwa siku inafikisha saa 100 ndani ya siku 17. Chujio la hewa lisafishwe kila saa 50, na kila siku kukiwa na vumbi: sifongo ifuliwe kwa maji ya sabuni, ikauke, itiwe oili kidogo na kukamuliwa. Kufanya kazi bila chujio kunamaliza ringi mapema kuliko jambo lolote lililotajwa hapo juu. Vali zipimwe kila saa 300. Kila mwezi fungua kava la feni utoe nyasi na viota vya nyigu vilivyojengwa kwenye mapezi ya kupoozea.

Msimu ukiisha, mwaga maji yote ya pampu, funga koki ya mafuta na acha injini izime yenyewe, mwaga bakuli la kabureta, tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi na uvute kamba mara mbili. Rudisha plagi, kisha vuta polepole mpaka kamba iwe nzito, uiache hapo: vali zote zimefunga, unyevu hauingii.